Mzee Momanyi na Mtu wa Rika Lake

Zilpa Akong'o alikuwa mwanamke wa kutoka kandokando ya ziwa, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kufoka. Mwaka 1953 alikuwa nesi, mgeni wa mila za pale, katika hospitali moja ya Kisii: wadi ya wanaume, vitanda ishirini na vinne, na yeye peke yake mchana kutwa.

Siku ya soko jamaa wakamleta mzee Momanyi kutoka kijiji cha Marani kwa machela ya miti. Kiharusi kilimpiga akipalilia shamba la wimbi. Upande wa kulia ulikuwa umelala, mdomo umekwenda kombo, maneno yamekatika. Dawa ya kuuzibua mshipa wa ubongo haikuwepo. Ilikuwepo kazi ya mikono. Zilpa akamlaza ubavu asije akapaliwa na mate, akawanyang'anya jamaa kibuyu cha uji waliotaka kummiminia, kisha akamwagiza mwana wa mzee, mtu mzima mwenye ndevu zake.

"Kila baada ya saa mbili umgeuze na umkaushe. Akipata vidonda vya kulalia, hivyo ndivyo vitakavyomwua."

Zilpa aliporudi, mzee alikuwa palepale, shuka limelowa, ngozi ya mgongoni imeanza kuiva. Mwana kasimama nje ya mlango.

"Mtoto gani wewe! Baba anakufa, wewe unaota jua?"

Yule bwana akainamisha kichwa. "Sista, nitamlisha, nitamfulia. Lakini uchi wa baba siwezi kuuona. Kwetu hiyo ni laana."

Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Zilpa akaona haya. Kumbe amemwita mvivu mtu anayeteseka.

"Basi nani anaweza?"

"Mtu wa rika lake. Waliotahiriwa pamoja."

"Sasa umesimama nini? Kamlete!"

Zilpa akamgeuza mwenyewe hadi kesho yake, alipofika mzee Nyangate, mwenye meno machache na maneno mengi. Huyo hakuogopa kitu. Alimgeuza mwenzake, akamwosha, akamnyoosha vidole kimoja kimoja alivyofundishwa na Zilpa, huku akimtania bila huruma. Mgongo ukapona.

Wiki ya tatu Nyangate akatangaza kwamba siku ya kisu, walipotahiriwa, Momanyi alilia, aibu kubwa kwa mwanamume. Wadi nzima ikamgeukia Momanyi. Momanyi akapambana na ule mdomo mpaka jasho likamtoka.

"Mwo... mwongo," akasema. "Ulilia wewe."

Wadi ikaangua kicheko. Nje ya mlango mwanawe aliisikia sauti ya baba yake, akaketi chini akalia kwa furaha. Na Zilpa, aliyekuwa na wagonjwa ishirini na watatu wengine wa kuangalia, akaketi naye.