Aya Aliyoiruka Daktari

Daktari wa magonjwa ya akili aliyemtibu mama yangu siku hizi huitwa mheshimiwa. Hotuba zilizompandisha ngazi hiyo niliziandika mimi. Kwa hiyo hasira iliyomo humu msimpe yeye yote. Mnibakizie na mimi sehemu yangu.

Mama alianza kwa kufagia. Kwa miaka mingi alikuwa shemasi wa kanisa letu huko Ekerenyo, na kila Ijumaa alifagia kanisa kuitayarisha Sabato. Kumbukumbu zilipoanza kumtoka, kila siku ikawa Ijumaa na kila boma likawa kanisa. Alfajiri alitoka na ufagio wake, akafagia uwanja wa jirani kuanzia mlangoni hadi kwenye migomba, akakusanya vumbi kwenye kisahani, akaondoka nalo. Kwetu, mtu anayechota vumbi la uwanja wako kabla hujaamka hahitaji kuelezwa. Amechukua nyayo zako. Ni omorogi, mchawi, na kuna wazee waliowahi kuchomewa ndani ya nyumba zao kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Mimi, mwalimu mwenye shahada mbili, nilimpeleka kwanza kwenye maombi. Mara tatu. Nalisema hili mapema asije mtu akadhani nilikuwa na busara kuliko wengine.

Mara ya nne ndipo nikampeleka Kisii mjini, kwenye kliniki iliyokuwa ghorofani juu ya duka la magodoro. Daktari alikuwa mtu wa kwetu, mpole, mwenye sauti ya kumlaza mtoto. Alimshika mama mkono, akamwita bibi kwa heshima ya kwetu.

"Magokoro, leo ni siku gani?"

"Ijumaa."

Ilikuwa Jumanne.

"Umejuaje?"

"Si bado sijafagia?"

Hakumcheka, wala hakumsahihisha. Alinigeukia mimi. "Mwalimu, mama yako hajarogwa na hajaroga mtu. Ubongo wake unachakaa. Ni ugonjwa, kama vile moyo unavyougua."

Akaniandikia barua. Niliwaonyesha majirani, na mmoja wao, mwanamume aliyepakana nasi upande wa majani chai, akaigeuza nyuma na mbele kisha akasema, "Hata karatasi hununuliwa." Nilipompelekea daktari jibu hilo, alifunga kliniki siku moja akaja Ekerenyo mwenyewe. Aliketi kwenye kigoda uwanjani kwa yule yule jirani, akanywa chai, akawaeleza kwa Kigusii jinsi mtu anavyosahau siku, halafu njia, halafu wanawe. Walimuuliza maswali hadi jua likawa utosini. Tangu siku hiyo jirani akawa ananiita barabarani kwa kicheko: "Mwalimu! Mama yako ametufagilia tena. Mwambie amesahau nyuma ya choo!"

Barua haikutusaidia, wala shahada zangu. Kilichomlinda mama yangu ni neno la mtu huyo mmoja.

Kisha akaniita kliniki akaniambia anagombea ubunge. Alinisimulia habari za daktari mmoja wa akili huko Taiwan aliyeacha wagonjwa wake akaingia siasa. "Kliniki natibu mmoja mmoja, Mwalimu. Yule aliona kwamba ukitunga sheria unatibu nchi." Sijui kama alimsimulia sawasawa, na huyo mtu wa Taiwan hana kosa lolote kwangu. Ninachojua ni kwamba niliamini. Ukimwambia mwandishi wa insha kwamba maneno yake yatatibu nchi, hutahitaji kumwambia neno la pili.

Nilikubali kumwandikia hotuba bila malipo, kwa sharti moja: kila hotuba iwe na aya ile. *Mzee anayesahau si mchawi. Ni mgonjwa. Mimi daktari nimewatibu, na anayewagusa amegusa wagonjwa wangu.* Mjini Kisii, mbele ya mawakili na walimu wakuu, aliisoma vizuri wakapiga makofi. Keumbu, sokoni, mtu alipaza sauti kutoka kwenye mikungu ya ndizi: "Daktari wa wendawazimu! Unatetea wachawi, ni wangapi wamejiandikisha kukupigia kura?" Watu wakacheka. Naye akacheka. Kutoka hapo aya ikaanza kukonda. Kwanza ilipoteza neno "mchawi", kisha ikapoteza "wagonjwa wangu". Mimi niliita hiyo uhariri.

Yule jirani wa majani chai aliumwa tumbo wiki moja akafariki. Wiki hiyo hiyo mama alikuwa amemfagilia uwanja mara mbili.

Hakuna aliyenitukana. Walinyamaza tu, na kwetu kunyamaza huko ndiko kubaya. Dada yangu alianza kumfungia mama ndani. Nilimpigia daktari simu.

"Njoo mazishini. Usilete kitu. Soma aya tu."

"Mwalimu, mama yako ni mama yangu."

Nikaichapa kwenye karatasi yake peke yake, kwa herufi kubwa, maana hapendi kuonekana na miwani.

Alikuja Alhamisi, magari matatu. Mpwa wa marehemu alikuwa katikati ya kusoma wasifu. Mshereheshaji akamnyang'anya maikrofoni katikati ya sentensi. Daktari alisalimia, akawapa pole, akafunua karatasi. Niliona macho yake yakifika kwenye aya. Kidole gumba kikasimama juu yake. Aliwatazama watu, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Mimi ni daktari," alisema kwa sauti ile ile ya kumlaza mtoto. "Nimesoma sana. Lakini kuna mambo vitabu havijafika. Wanaosumbua maboma ya watu mnawajua nyinyi wenyewe. Sitasema zaidi."

Walipiga miluzi. Safu tatu za viti ziligeuka kunitazama.

Kwetu mwanasiasa akimaliza kuzungumza mazishini, watu huondoka naye. Nilipenya katikati yao hadi mlangoni pa gari.

"Daktari, umeruka aya."

"Leo haikuwa siku yake."

"Siku yake ni ipi? Wakishamchoma?"

"Punguza sauti. Nikiingia bungeni nitaleta mswada."

"Umewaambia ni mchawi!"

"Sikumtaja mtu." Alinishika bega kama alivyomshika mama mkono. "Watu wako kwenye uchungu, mogaka, mzee wangu. Huwezi kuwapa dawa chungu kaburini. Sasa, Jumapili niko Nyamira. Niandikie kitu chepesi."

Akapandisha kioo.

Nilirudi. Kaburini walibaki pasta, mjane na watu wachache wenye majembe. Nilichukua maikrofoni, kitu ambacho ningeweza kufanya tangu asubuhi kama nisingekuwa mwoga aliyezoea kuwatilia wengine maneno mdomoni. Nikaisema aya yote kwa kichwa. Spika zilipiga mluzi, sauti yangu ikatetemeka kama ya mbuzi.

Mjane alinisikiliza hadi mwisho. "Ni maneno mazuri, Mwalimu," akasema. "Mbona daktari hakuyasema?"

Nikamrudishia pasta maikrofoni. Alasiri hiyo hiyo wanaume wawili walinifuata hadi kwetu wakaniambia, kwa adabu kabisa, nimpeleke mama mahali pengine. Alipanda gari akiwa ameukumbatia ufagio wake, akiuliza nani atachuma majani yake.

Sasa anaishi nami Kisii, ghorofa ya tatu. Anafagia ukumbi wa jengo zima. Wapangaji wamempongeza mwenye nyumba kwa kuajiri mfanyakazi. Daktari alishinda. Mswada sijauona. Ile kliniki sasa ni stoo ya magodoro, na mama anatibiwa na kijana mwenye haraka ambaye humuuliza siku bila kumtazama.

Wiki iliyopita mheshimiwa alinitumia ujumbe. Amealikwa kuzungumza juu ya afya ya akili; je, ninaweza kumwandikia kitu kidogo kuhusu wazee? Nilimtumia aya ile, neno kwa neno, bila salamu.

Alijibu papo hapo: "Safi sana Mwalimu. Hii ni mpya?"

Niliisoma mara mbili, tatu. Nilikuwa bado nimeishika simu, nikitafuta tusi linalotosha, mama alipofika mbele ya kiti changu na ufagio.

"Inua miguu," akasema. "Kesho ni Sabato."

Nikainua.