Vyombo Vyetu Vilitolewa Kichanjani, Mume Wangu Akisikia

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu habari zenu. Admin naomba unifichie jina, maana wahusika wengine bado wako hai na watoto wao wanaingia humu.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na tisa, mkulima huku Kaisho. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mume wangu alianza kukohoa na kukonda. Hospitali ilikuwa mbali na kwetu, tukapanga chumba kwa mama mmoja upande wa Kituntu ili tuwe karibu. Nilikuwa na mimba changa.

Yule mama alitupokea vizuri. Alinionyesha jinsi vyombo vinavyooshwa kwake: makombo unatupa mgombani, sufuria unasugua kwa jivu, unasuuza kwenye beseni la pili, unaanika kwenye kichanja cha wote. Nilifuata kila kitu. Ukiwa kwenye nyumba ya watu unaishi kwa taratibu zao.

Hospitali walisema ni kifua kikuu. Lakini majirani walishampa ugonjwa mwingine, Ukimwi, ule uliokuwa unamaliza watu mkoa mzima. Asubuhi moja nikakuta vyombo vyetu vimetolewa kichanjani, vimewekwa chini kwenye majani. Nikamuuliza yule mama kuna nini. Akanijibu bila kunitazama, "Vyenu utaoshea kule nyuma ya migomba. Mimi hapa nina watoto."

Mume wangu alikuwa ameketi mlangoni anaota jua. Alisikia yote.

Mchana nikampelekea ndizi na maharage, akakataa sahani. Akasema, "Mke wangu, kuanzia leo niwekee kwenye jani la mgomba. Nikimaliza utalitupa, usiwe na cha kwenda kuosha huko nyuma." Nilikata jani huku nalia. Alikula hivyo mpaka alipofariki, mwanamume aliyeacha nyumba na ng'ombe wake mwenyewe huku Kaisho. Yule mama hata msibani hakufika. Binti yangu alizaliwa bila kumwona baba yake. Tulipima baadaye, mimi na yeye, tukakutwa wazima.

Sasa juzi wamekuja kumposa. Mama wa kijana aliposhuka kwenye gari nilimtambua, naye akanitambua. Ni yule mama aliyetupangisha chumba. Alinivuta pembeni akaniambia kwa Kinyambo kwamba wakati ule aliogopa, kila nyumba ilikuwa na msiba. Kisha akasema, "Nisamehe, mama. Ila hawa watoto usiwaambie." Nilirudi jikoni nikawapakulia wageni.

Kijana hana kosa, wakati ule alikuwa bado anatambaa. Anampenda binti yangu na ana heshima. Lakini binti ataolewa aishi boma moja na yule mama, amwite mama, amuuguze uzeeni. Kila siku ananiuliza mbona sifurahii harusi yake, nasema nimechoka tu.

Wazazi wenzangu, mimi nimeshindwa. Nimwambie mwanangu baba yake alivyokula siku zake za mwisho, au nife nalo moyoni?