Warsha ya Modesta, Juu na Chini ya Maporomoko

Modesta Hoza alikuwa na kicheko ambacho wagonjwa wa mapokezi walikijua kabla hawajamjua mwenyewe. Kilitoka chumba kidogo nyuma ya duka la dawa, katika hospitali ya kanisa alikoajiriwa, nje kidogo ya mji wa Lushoto. Humo ilikaa seva, kompyuta kubwa iliyobeba mifumo yote ya hospitali, na humo alikaa yeye, amevaa sweta mwaka mzima, maana mashine ile ilipenda baridi kuliko hata Wasambaa, wenyeji wa milima ile.

Alizaliwa Mlalo, mtoto wa mkulima wa mboga. Alisomea kompyuta Arusha, kisha akarudi milimani kwa hiari yake. Wenzake waliobaki mijini walimwonea huruma. Yeye aliwaonea huruma kwa joto lao.

Masika iliyopita radi ilipiga nguzo ya umeme na seva ikafa. Nakala za kumbukumbu zote zilikuwepo kwenye diski, ila hakuna aliyewahi kujaribu kuzirudisha kwenye mashine nyingine. Modesta alizirudisha, lakini ilimchukua karibu juma zima la kupiga simu, kukosea na kuanza upya, huku manesi wakiandika kwa mkono na foleni ya dawa ikifika getini. Mambo yalipotulia alijiambia kwamba kazi kama ile inataka mazoezi, kama kwaya inavyofanya mazoezi kabla ya Krismasi. Akaulizia kwa mafundi wenzake wa shule, vyama vya ushirika na zahanati za milimani. Wote walikuwa na nakala. Hakuna aliyewahi kuzijaribu.

Ndipo alipokwenda kumwona katibu wa hospitali, Mzee Yohane Shemdoe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Haya, nimesikia unataka warsha. Ya nini?"

"Ya kurudisha mifumo baada ya maafa."

Mzee Yohane akavua miwani. "Maafa gani tena? Kuna jambo hujaniambia?"

"Hapana, Mzee. Ni hivi: seva yetu ni kama nyumba ya kupangisha. Mapokezi wana chumba chao, maabara chao, duka la dawa chao. Kwa nje unaona mashine moja, lakini ndani mna kompyuta kadhaa zisizo na mwili."

"Na nyumba ikiungua?"

"Wapangaji wote wanalala nje. Tunataka tujifunze kuwahamishia nyumba nyingine upesi, na vitanda vyao na masufuria yao."

Mzee Yohane alikuwa na vyumba vya kupangisha pale Soni, kwa hiyo alielewa palepale. "Hapo sasa umesema," akajibu, na ukumbi akautoa siku ileile.

Neno maafa liliendelea kumletea vituko. Tangazo lilipobandikwa, alikuja mtendaji wa kata aitwaye Saidi, mtu mrefu mwenye buti za mpira, kuuliza mablanketi yatagawiwa lini na kama mahema yatatosha. Modesta alicheka hadi akaegemea mlango, kisha akaomba radhi. Saidi naye akacheka. "Basi chukua namba yangu," alisema. "Siku ukipata maafa ya kawaida, nipigie."

Mpango wa Modesta ulikuwa rahisi. Mkufunzi, Alen, angepanda kutoka Tanga na seva ya mazoezi kwenye gari lake. Ukumbini zingewekwa meza mbili. Meza ya kwanza ingejifanya ni hospitali iliyopigwa radi, na ya pili ingejifanya ni mji mwingine, ambako mifumo ingefufuliwa. Akina mama wa jikoni walishaagizwa chai na maandazi, na pichesi za msimu zilishaletwa kwa kapu.

Usiku wa kuamkia warsha mvua ikanyesha bila kupumzika. Asubuhi simu ikaita.

"Dada Modesta," Alen alisema, "mimi nipo huku bondeni, Mombo. Mlima umeshuka barabarani, chini ya Soni. Magari hayapiti."

"Na kwa miguu?"

"Watu wanavuka kwa zamu, greda likisimama. Lakini mimi nina magongo, niliumia kwenye mechi ya maveterani. Na seva hii ni nzito kama jiwe la kusagia. Hapa pia nipo na wenzetu wa Korogwe waliokuwa wanakuja warshani."

Ukumbini walikuwepo tayari watu wa Lushoto, Mlalo na Bumbuli, wanakunywa chai. Modesta alipowapa habari, Dorkasi, fundi kompyuta wa hospitali ya Bumbuli, aliweka kikombe chini taratibu. "Pole, mwenzangu. Tuahirishe tu. Mkufunzi yuko chini, mashine iko chini, sisi tuko juu."

Modesta akatoka barazani. Ukungu ulikuwa umefunika mashamba yote ya kabichi. Alihisi machozi yanakaribia, maana miezi mizima alikuwa ameibeba shughuli ile peke yake. Akayarudia kichwani maneno ya Dorkasi: mashine iko chini, sisi tuko juu. Akatulia. Kisha wale waliokuwa ndani wakasikia kicheko.

Akampigia Alen. "Kaka, hapo Mombo umeme upo?"

"Upo. Tuko kwenye mgahawa wa Bi Rehema, jirani na stendi."

"Basi usigeuze gari. Mimi nilitaka meza ijifanye mji mwingine. Sasa mji mwingine tunao wa kweli! Iwasheni seva hapohapo mgahawani. Tutawaletea nakala."

Nakala zenyewe zilikuwa kubwa mno kupita kwenye mtandao wa simu. Ilibidi diski ibebwe na mtu. Yusufu, mwalimu wa kompyuta kutoka Mlalo, akajitolea. Dorkasi akakimimina kwenye sahani chakula kilichokuwa ndani ya hotpoti yake, akaikausha kwa kanga, akaitia diski ndani na kukaza mfuniko. "Hapa maji hayaingii," alisema. "Na ukiidondosha, usirudi."

Modesta akampigia Saidi. "Mtendaji, leo nimepata maafa ya kawaida. Kuna mwalimu anashuka, anahitaji kuvushwa."

"Na mimi nipo nayo hapahapa kwenye maporomoko, nimezama hadi magotini," Saidi akajibu. "Blanketi sina, lakini kuvushwa atavushwa."

Yusufu alipanda bodaboda hadi Soni, akateremka kwa miguu hadi kwenye tope. Saidi alimshika mkono, akaitazama ile hotpoti. "Mwalimu, unawapelekea pilau?"

"Nawapelekea hospitali," Yusufu akasema, akavuka.

Saa sita ilikuwa imepita aliposikika kwenye simu akihema, yuko mgahawani. Juu, simu ya Modesta iliwekwa ndani ya bilauri tupu ili sauti ijae ukumbini, na watu wakasogeza viti. Hata Mzee Yohane aliingia, akakaa mbele. Kule chini Alen alieleza kila hatua, na wa Korogwe wakaifuata kwa mikono yao. Kompyuta zisizo na mwili zikaanza kuamka moja baada ya nyingine. Lakini mfumo wa mapokezi ukakataa kufunguka.

"Labda diski imeumia njiani," Alen alisema.

Yusufu akaapa kwamba hakuidondosha.

"Subirini," Dorkasi akasema, ameinamia bilauri. "Hao wapangaji wa Modesta wameamka nyumba mpya, lakini si bado wanatafuta geti la nyumba ya zamani? Anwani ya mtandao mmeibadilisha?"

Simu ikatoa mguno wa Alen. "Aisee! Hiyo hatukuigusa." Akawaongoza kuibadilisha, na watu wa pande zote mbili wakasubiri.

Ghafla mtu wa Korogwe akapiga ukelele. "Imefunguka! Namwona mgonjwa wa kwanza hapa. Anaitwa... Kabichi Shekaroti?"

Modesta alikuwa ametunga wagonjwa wa bandia, ili siri za watu wa kweli zisitoke hospitalini.

"Soma anaumwa nini," akasema.

"Kabichi Shekaroti, mkulima, analalamikia viwavi mgongoni!"

Ukumbi ukalipuka. Kwenye simu walisikika hata wateja wa Bi Rehema wakicheka bila kujua kisa. Mzee Yohane alijipangusa macho, akamwambia Modesta kwa Kisambaa maneno ambayo dada huyo alikataa kuwatafsiria wageni, ila uso wake ulionyesha kwamba yalikuwa mazuri.

Kesho yake greda lilifungua njia moja, na gari la Alen likapanda polepole na wa Korogwe ndani yake. Watu waliofahamiana kwa sauti tu walikumbatiana getini, wakiulizana nani ni nani. Siku hiyo walifanya zoezi kinyume: mifumo ikarudishwa kutoka seva ya Mombo kwenda mashine ya ukumbini, na safari hii waliianza kazi kwa anwani ya mtandao.

Kabla hawajaagana walikubaliana kukutana kila msimu, kila mara kituo kingine, na kila mwenyeji azime mashine yake ya mazoezi bila kuwaonya wenzake. Dorkasi aliomba Bumbuli iwe ya kwanza. Modesta akamuuliza kama hospitalini kwao wataogopa tangazo lenye neno maafa.

"Nitaandika sherehe," Dorkasi akasema, na wakaenda kupiga picha wakati jua lingalipo.