Si Zote Presha?

Jumatatu nilikaa kwenye benchi la zahanati moja hapa Karatu, pembeni ya kina mama wawili wa Mbulumbulu. Mmoja alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mwenzake akafungua fundo la kanga, akatoa chumvi ya mawe.

"Lamba, dada. Mimi presha iliniangusha shambani, nikalamba hii nikainuka."

"Lakini yangu waliniambia ni ya kupanda."

"Ya kupanda, ya kushuka, si zote presha?"

Mgonjwa akalamba. Nikashindwa kuvumilia. "Mama, chumvi inaipandisha! Subiri upimwe, amebaki mtu mmoja tu mbele yako."

Mwenye fundo akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Wewe ni daktari?"

Nikajibu hapana. Na yeye si daktari, ila hakuna aliyemuuliza! Wakainuka, wakaondoka kuwahi palizi.

Hasira sijaimeza mpaka leo. Hapa kwetu hata mtoto anajua kuna gari la kupanda Ngorongoro na la kushuka Mto wa Mbu. Sijawahi kuona mtu akidandia lolote lililotangulia, eti yote ni magari.