Siku Niliyomtunza Mfalme

Jamani, aibu mimi nazijua, sikuanza jana. Niliwahi kushuka basi Kilburn High Road na sketi imenasa nyuma ndani ya soksi zangu ndefu, nikatembea hivyo hivyo mpaka kwa muuza muhogo, na hakuna aliyeniambia kitu kwa sababu Waingereza wana adabu zao za kukuacha uangamie. Hiyo naicheka. Lakini aibu ya siku ile ya ukumbini, mpaka leo ikinijia ninaosha vyombo hufunga bomba nikasimama tu, na sitaki mtu anisemeshe.

Nianze na Pushpa, maana bila yeye hakuna mkasa. Pushpa ni Mhindi wa kwetu Unguja, kule Mjini nyumba yao na yetu zilikuwa zinagawana ukuta mmoja, nikikuna nazi huku yeye anasikia kule, na kwa kuwa nimempita miaka minne, alipokuwa mdogo nilikuwa nikimbeba kiunoni mpaka mama yake akisema huyu mtoto ni wa nyumba gani. Mapinduzi yalipokuja yeye alikuwa na miaka tisa, mimi kumi na tatu. Baada ya hapo kila mtu na njia yake, tukaja kukutana London tukiwa watu wazima, dukani, nikiwa nagombana na muuzaji kwamba muhogo wake umeoza, mara nikasikia sauti nyuma yangu, "Zuwena, bado una mdomo ule ule?" Tulikumbatiana tukalia mbele ya ndizi za watu.

Wiki ile ile, tunakunywa chai kwake, akaniuliza siku ile ya fujo sisi tulikuwa wapi. Nikasema tulikuwa shamba, Donge, kwa bibi. Nililisema upesi upesi, kama mtu anayemeza kwinini. Pushpa akavuta pumzi, akasema, "Basi baba alisema kweli."

Akanihadithia. Asubuhi ile mtaani kumechafuka, baba yake alimshika mkono wakakimbilia kwetu, na yule mzee, na hatari yote ile nyuma yake, akasimama mlangoni akabisha hodi kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pushpa akamwambia wabishe tena, baba yake akasema la, hodi ni tatu, asiyejibu hayupo. Wakaondoka. Hawakufika kona ya pili yule mzee akapigwa panga, akafa mtoto kamshika mkono. Hadithi hiyo nimeisikia kwake kwa miaka ishirini, na kila akifika pale pa "asiyejibu hayupo" mimi hunyanyuka kwenda kuongeza maji kwenye birika.

Hatukuwa shamba. Mmeshaelewa, basi niacheni nifike kwa mpango wangu.

Sasa Pushpa ana binti mmoja, Meena, kazaliwa hapa hapa, Kiswahili anakisikia lakini anakujibu kwa Kiingereza, na Mungu kampa koo. Alisomea uimbaji wa Kizungu, na siku moja mama yake akanijia mbio na tikiti mbili.

"Zuwena, Jumapili mchana twende tukamsikilize mwanao. Ni opera."

"Opera ndiyo nini, taarabu ya Wazungu?"

"Ndiyo hiyo hiyo, ila watu wanakaa kimya."

"Kimya mpaka lini?"

"Mpaka mwisho."

(Ningelishika hilo moja tu, leo nisingekuwa na la kuwahadithia.)

Akanieleza kisa chenyewe. Ni mfalme wa Bara Hindi wa zamani sana, alipigana vita akaua watu wasiohesabika, kisha alipopita kuwatazama maiti moyo ukamgeuka, akatubu, akaacha upanga, akawa anachimbia watu visima na kupanda miti njiani. Nikacheka, nikasema kweli huyo wa zamani, wa siku hizi hawatubu. Pushpa hakucheka. Alisema ndiyo maana anataka kwenda, anataka kuona mtu aliyefanya vile akisema nimefanya.

Jumapili hiyo tukajipamba, yeye sari ya kijani, mimi buibui langu la Idi na mkoba wenye kopo la vileja, vile vibiskuti vyetu vya Idi (wanaojua watu wa kwetu hawataniuliza kwa nini), tukafika ukumbini viti vyetu viko katikati ya safu. Hapo ndipo nilipojiponza. Goti langu linauma nikilikunja sana, basi nikamwomba mzee mmoja wa Kizungu wa pembeni tubadilishane, nikakaa ukingoni kabisa, mguu nimeunyoosha njiani kama mtu yuko barazani kwake. Ningekaa katikati ningelazimika kuvuka magoti ya watu saba, na kwenye goti la tatu akili ingenirudia.

Muziki ukaanza. Wenyewe waliimba kwa lugha ya kale ya huko India, hata Pushpa hakuielewa, lakini juu ya jukwaa kulikuwa na ubao unaowaka maneno kwa Kiingereza, unasoma huku unasikiliza. Saa nzima ya mwanzo nilikuwa mtu wa heshima zake. Nilipiga miayo mara mbili tu.

Ndipo ikaja ile sehemu ya vita. Watu wamelala jukwaani wamefunikwa shuka nyeupe, mfalme anapita kati yao, bonge la mtu na joho jekundu, na Meena katoka upande wa pili kavaa matambara, yeye ni mama mmoja wa ile nchi iliyopigwa. Akapiga magoti mbele ya mfalme, akaimba kwamba nilikuja mlangoni kwako na mtoto wangu kabla ya vita, nikaita, ukanyamaza. Anaimba na machozi yanamtoka kweli, na kule katikati ya safu nilimwona Pushpa kainama mbele, kashika mkono wa kiti chake kwa nguvu zote. Muziki wote ukakatika kumngoja mfalme. Kisha akaanza chini chini, na ubao ukawaka: Nilikuwa ndani. Nilikusikia. Sikufungua.

Sasa (wanangu waliozaliwa huku hawalijui hili, ndiyo maana nalieleza) kwetu sisi wimbo wa taarabu ukikuchoma hukai ukapiga makofi baadaye. Unanyanyuka palepale, unachukua noti, unapita mbele ya watu wote pole pole, unaiinua juu, unakwenda kumtunza mwimbaji. Na kila aliyemo ukumbini anajua kwamba ule ubeti uliounyanyukia ni wako, umeimbiwa wewe, yamekufika. Watu wameachana kwa ubeti mmoja.

Wallahi sikuamua. Nilijikuta nimeshasimama. Noti ya pauni kumi iko juu, machozi yananitiririka, nateremka ile njia kwa mwendo wa arusini, bega hili, bega lile, kidogo kidogo, na mfalme anarudia, nilikusikia, sikufungua, nami naitikia kwa kichwa. Wapiga fidla walikuwa chini mbele ya jukwaa, nikapita kati yao, mkoba wangu ukapiga kile kijiti cha kuwekea karatasi, karatasi zikamwagika, kopo la vileja likafunguka, na yule bwana mwenye fimbo ya kuongoza muziki akanitazama huku mkono wake unaendelea peke yake. Nikapanda ngazi za pembeni. Nikamkanyaga maiti wa kwanza, na maiti akasema "Ouch!"

Ukumbi mzima ukacheka. Watu mia ngapi sijui, waliokuwa wanalia wakacheka, na mimi nimeshafika, nimeshamchomekea mfalme noti yake kwenye mkanda wa joho. Yeye, Mungu ambariki, hakuacha kuimba. Ndipo nikamwona Meena yuko pale chini, magoti yake bado sakafuni, ananitazama kama mtu anayeona nyumba yake inaungua. Akaninong'oneza, "Auntie, please. Please go and sit down." Mara yake ya kwanza kupewa nafasi kubwa, na wimbo wake nimeugeuza kichekesho.

Walinzi wawili wakanitoa taratibu wamenishika viwiko, wakanikalisha nje ya ukumbi, mahali pa kupumzikia, wakaniletea maji, wakaniuliza kama nina sukari, kama naijua siku ya leo, kama wamwite daktari. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kuitikia. Ndiyo, sukari. Ndiyo, kizunguzungu. Ningetoka pale mgonjwa, nikaonewa huruma, na ingekuwa imekwisha.

Mlango ukafunguka akatoka Pushpa. Hakuonekana kukasirika. Akawaambia wale walinzi asante, tuacheni, akakaa kando yangu.

"Zuwena, umetunza nini?"

"Sauti, shoga. Yule mfalme ana sauti."

"Sauti haitunzwi hivyo. Mimi nimekulia Unguja kama wewe. Mtu anyanyuke analia, apite mbele za watu, hiyo si sauti. Hayo ni maneno yake." Akanigeukia. "Siku ile mlikuwa shamba?"

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miaka ishirini na ushei, nikiitembea vizuri tu, ikaishia hatua chache kutoka kiti cha pembeni. Niliangalia ile bilauri ya maji. Nikasema, "Hapana."

"Mlikuwa ndani."

"Tulikuwa ndani."

"Mama yako alikataa kufungua."

Na hapa ningeweza kumtwika marehemu mama yangu, angenisamehe, mama angekubali lolote. Lakini mama alikuwa uani anambembeleza mdogo wangu analia, na mlangoni nilikuwa mimi, mkono uko kwenye komeo. Mama aliuliza kule kule, "Nani huyo?" nami nikajibu, "Si mtu, mama, ni upepo." Kwa sababu nilijua akisikia ni nani atafungua, na mimi niliogopa. Basi. Niliogopa tu. Hayo yote nikamwambia Pushpa, kwa Kiswahili, watoto wa Kizungu wanauza aiskrimu pale kando.

Akauliza, "Na mimi ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Nilisema nini?"

Nilijua ananijaribu. Lile la kubisha tena alishanihadithia mara mia. Nikamwambia, "Ulimwambia baba yako umebanwa na mkojo. Akakwambia vumilia mwanangu, kwa kina Zuwena kuna choo."

Pushpa akatia mkono mdomoni. Hilo hakuwahi kulihadithia mtu, hata Meena. Akanyanyuka, akaitengeneza sari yake begani, akapiga hatua mbili, akageuka. "Nimekula kwako," akasema. "Idi zote. Nimemleta mwanangu kula kwako." Kisha akarudi ndani kumsikiliza binti yake, na mlango ukafungwa.

Mimi hawakuniruhusu kurudi, na sikuomba. Nilikaa pale nje na mkoba wangu mtupu mpaka mwisho, nasikia muziki kupitia mlangoni, unapanda, unashuka, watu wanaimba wote pamoja, halafu makofi marefu. Mpaka leo sijui yule mfalme alisamehewa au vipi. Visima nimeambiwa alichimba, miti alipanda, lakini yule mama wa matambara alimjibu nini, hilo sikulisikia, na wa kuwauliza ni watu wawili tu duniani na wote hawasemi nami.

Noti yangu Meena alinirudishia kwa posta, bahasha haina barua. Kwetu tuzo hairudishwi. Iko kwenye droo ya vijiko, siwezi kuitumia.

Nimeapa, sitamtunza mwimbaji tena maisha yangu, hata iwe arusi ya mjukuu wangu. Wimbo ukianza mikono yangu nitaikalia. Lakini najua siyo hilo ninalojutia. Ulimi wangu ulidanganya miaka yote ile bila kuchoka, na laiti ningemwambia Pushpa mimi mwenyewe, kwake, tunakunywa chai, asingelijua mbele ya watu wanaocheka.

Siku hizi kila Ijumaa nikitoka kazini (nafanya kazi nyumba ya wazee) napitia kwake, ghorofa ya tatu, na lifti yao imeharibika tangu sikumbuki lini. Nikiwa ngazini naisikia redio yake, nyimbo za Kihindi. Nabisha hodi ya kwanza, redio inapunguzwa. Nabisha ya pili, nataja jina langu. Nabisha ya tatu. Upande wa pili wa mlango mtu anavuta pumzi, nami nangoja, maana sasa najua anavyojisikia mtu aliyesimama pale na mkono kwenye komeo, na najua pia anavyojisikia mtu aliye nje. Ya nne sibishi. Asiyejibu hayupo, najiambia, nashuka na goti langu ngazi moja moja, na nikishafika chini kabisa ndipo nasikia redio inapandishwa tena.