Mbao kumi na saba za Mama Léoncie

Ilikuwa mwaka wa 2011. Hapana, nimekosea: 2011 ulikuwa mwaka wa kura, na nyumba ya Mama Léoncie ilikuwa bado imesimama mtaani Majengo. Ni 2012, mwezi wa kumi na moja, zile siku ambazo kila mtu wa Goma aliuliza vita imefika wapi kabla ya kuuliza umeamkaje. Ninasahihisha mwaka kwa sababu watu husema muzee Josias anachanganya mambo. Kwa habari ya mbao hizi nilichanganya kweli, na ndiyo habari yenyewe ninayotaka kusimulia.

Kazi yangu ilikuwa chukudu. Kwa asiyeijua, ni chombo cha mti cha kubebea mizigo, chenye magurudumu mawili: mlima ukipanda unakisukuma, mlima ukiteremka unakipanda. Nimekwenda nacho Bunagana, Sake, Rutshuru, nikilala kwa watu wanaonipokea, na sikuwahi kukaa mahali pamoja zaidi ya majuma mawili. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Kuhesabu najua.

Mama Léoncie nilimjua kwa sababu ya udongo. Pale Majengo, mahali mlima wa volkano ulipopitisha moto mwaka wa 2002, parcelle zote, viwanja vya watu, ni mawe meusi. Ukitaka kupanda hata kitunguu, sharti uletewe udongo kwa mfuko. Wateja wangu wengine waliniagiza viazi, makala ya kupikia, makabichi. Yeye kila mwezi aliniagiza mfuko mmoja wa udongo mweusi, akautia katika makopo ya mafuta ya msaada, akapanda dalia, yale maua makubwa mekundu. Dalia zikakubali. Kisha mbuzi wa jirani yake Nshobole, mama mmoja wa Bukavu aliyeuza makala, akazila zote asubuhi moja, na majani yake.

Mama Léoncie hakugombana na mtu. Alikuwa akiuza maharagwe Birere, karibu na mahali fundi rangi mmoja, Aubin, alipokuwa akiandika majina ya maduka na ya malori kwa rangi. Aubin alimpa yale mabaki ya chini ya makopo: nyekundu kidogo, kijani, njano, nyeupe iliyoanza kukauka. Brashi akaitengeneza mwenyewe kwa nywele za mkia wa mbuzi yuleyule. Nshobole alimshikilia mbuzi wakati wa kukata, akicheka mpaka anakaa chini.

Basi akaanza kuchora dalia ndani ya nyumba, kwenye ukuta wa mbao uliotazamana na mlango. Mbao zilikuwa kumi na saba, zimesimamishwa wima. Kila Jumapili akitoka misa alivaa kanga ya zamani, akakalia kopo, akachora mpaka saa ya kupika ugali ipite. Nilipopita na udongo (aliendelea kuagiza udongo, sasa kwa mboga) nilimkuta akiimba polepole, pua ina kijani. Uso wake siku hizo ulikuwa wa mtu aliyekula akashiba.

Nshobole hakumwacha. Siku moja aliingiza kichwa mlangoni akamwambia:

"Mama Léoncie, hii bustani yako itakomala lini, tupate mboga?"

"Uliza mbuzi yako," akajibu, bila kugeuka. "Jana ilikuya kulamba ukuta."

Mimi nilidhani ni maua tu, ya kupendezesha nyumba. Mpaka siku moja nilipowakuta yeye na binti yake Mahoro wamesimama mbele ya ukuta, mama anaonyesha kwa kidole na binti anajibu. Ilikuwa bustani ya kwao, kijijini Jomba, nyuma ya nyumba ya mama yake mzazi. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Kushoto kisima, karibu na kisima mzinga wa nyuki, kisha maua meupe ya kupeleka altare, kisha kuku, kisha kinyonga juu ya mti wa uzio, na kuendelea hivyo mpaka upande wa kuume, penye dalia na mti wa avoka, yaani parachichi, unaogawa bustani na shamba la watu wengine. Walikimbia Jomba katika vita ya kwanza, Mahoro akiwa mgongoni. Nyumba ilichomwa, mama mzazi hakutoka. Mahoro sasa alikuwa na miaka kumi na saba, na Jomba hakuikumbuka hata kidogo. Mama Léoncie aliniambia kwamba yeye asipomwachia mtoto huu ukuta, siku akifa Jomba itakuwa jina tu la kuandika kwenye karatasi za ofisi ya commune.

Sasa, 2012 hiyo, mwenye parcelle akaitaka parcelle yake. Alikuwa na haki. Mama Léoncie alikuwa amepanga ardhi tu. Na sisi Goma, mtu akihama, anahama na nyumba. Unang'oa misumari, unahesabu mbao, unafunga manjanja, yale mabati ya paa, unapakia, unaijenga tena unakokwenda. Alikuwa amepata mahali Ndosho. Akaniita mimi na chukudu, akamwita Twagirayezu, fundi wa nyumba za mbao, mtu wa haraka anayetia misumari mdomoni kama mwingine anavyotia karanga.

Mama Léoncie alituweka mbele ya ukuta akasema neno moja tu.

"Manjanja ikipotea, nitalala na mvua. Mulango ikipotea, nitafunga kitenge. Lakini huu ukuta, baba zangu, muniwekee vile uko."

Tukamwahidi. Yeye mwenyewe alifunga kila ubao kwa karatasi ya mifuko ya saruji na kamba, upande wa picha, ili mbao zisisuguane njiani. Hakutaka tuandike kitu upande huo. Kwa hiyo mimi nilizunguka nje nikiwa na kaa la moto lililozimika, nikaandika namba migongoni mwa mbao, kuanzia mkono wangu wa kushoto: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na saba. Ndivyo mafundi wote wa Goma wanavyofanya. Fundi husimama nje, husoma namba nje, hupigilia nje. Kosa haliwezi kuingia hapo.

Nilisafiri mara nne siku ile ya Jumamosi, Majengo mpaka Ndosho. Mbao nilipeleka kwanza, manjanja mwisho. Barabarani watu walikuwa wengi kuliko kawaida, wenye magodoro kichwani, na upande wa Kibumba kulisikika mlio mmoja mmoja kama mtu anapiga pipa.

Ile parcelle ya Ndosho ilikuwa nyembamba. Mahali pa ule ukuta palibanana na ukuta wa mawe wa jirani. Hata kuku asingepita katikati. Twagirayezu hakuwa na njia ya kusimama nje. Basi akasimama ndani. Akachukua ubao, akausoma mgongoni: moja. Akaugeuza, akauweka mkono wake wa kushoto, akapiga misumari. Akachukua wa pili, akauweka kuumeni kwa ule wa kwanza. Namba zilikuwa zangu, na alizifuata bila kuruka hata moja. Karatasi za saruji zilikuwa bado zimefungwa, hakuna aliyeona kitu.

Nilipofika na manjanja ya mwisho, alikuwa amemaliza na Mama Léoncie alikuwa anakata kamba. Akavua karatasi ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika wa tano mikono yake ikapunguza mwendo, lakini hakuacha mpaka wa mwisho. Kisha akakalia kopo.

Bustani yote ilikuwa imegeuka. Kisima kilikwenda kuumeni, dalia kushoto. Lakini hilo lingekuwa dogo. Kila ua lililokuwa limelala juu ya mbao mbili lilikuwa limekatika, nusu hii inatazama isikotazama nusu yake. Ubao wa tisa tu, ule wenye kinyonga, ndio uliobaki mahali pake, kwa kuwa wa tisa ni wa katikati ukihesabu toka upande wowote. Kuku, mkia wake ulikuja ukagusa mdomo wake, akawa anajidonoa.

Twagirayezu alitoa misumari mdomoni. Alisema alifuata namba. Mimi nikasema namba ni zangu na niliziandika nje. Tukatazamana, tukaelewa pamoja: kushoto kwa aliye nje ni kuume kwa aliye ndani. Mahoro alianza kucheka kwa sababu ya kuku, akamwona mama yake, akafunika mdomo.

Twagirayezu alisema atang'oa yote, aanze tena, bila kudai kitu. Akajaribu ubao wa kwanza. Mbao zilikuwa za miaka kumi, zimekauka, na misumari mipya ilishika sana. Ubao ukalia, ukapasuka chini kiasi cha kiganja. Mama Léoncie akamshika mkono.

"Acha, fundi. Utaniletea kuni."

Nikamwambia kwamba kosa ni langu. Akaniambia, bila ukali, kwamba alijua, na kwamba nikanywe maji kwani nilikuwa nimetembea sana. Hilo liliniuma kuliko angenitukana.

Kesho yake, Jumapili, kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya ilihama yote. Watu walipita Ndosho kwenda Mugunga, wenye mbuzi, wenye vyungu, wenye wazee mgongoni, toka asubuhi mpaka jioni. Mama Léoncie ana dada Gisenyi, basi akaamua kuvuka mpaka na Mahoro. Niliwabebea mfuko wa maharagwe na godoro mpaka petite barrière, kizuizi kidogo cha mpakani. Mlango wa nyumba aliufunga kwa kamba tu, maana kufuli haikuwapo, na pia, alisema, mwizi wa maua bado hajazaliwa. Mimi nilirudi nikajikunyata kwa rafiki Birere. Siku ya Jumanne mji ukapata wenyewe wengine, waasi. Hayo wengine wameyaandika.

Walirudi Jumamosi. Nilikwenda kuwapokea mpakani, tukafika Ndosho saa nne asubuhi. Kamba ilikuwa imefungwa mlangoni, lakini kwa fundo jingine. Mbele ya nyumba palikuwa na mafiga matatu na majivu. Ndani palifagiwa. Godoro la majani ya migomba lilikuwa limekunjwa pembeni vizuri, kama mtu anayemwachia mgeni nafasi. Waliolala humo hawakuchukua sufuria. Hawakuchukua hata chumvi.

Mahoro ndiye aliyeona kwanza. Akaita mama yake kwa sauti ndogo.

Kati ya ubao wa nne na wa tano, mahali ambapo nusu ya dalia nyekundu ilikuwa imegongana na tawi la avoka lililokatika, mtu alikuwa ameviunganisha. Alichukua kijani, akalivuta lile tawi mpaka likaingia chini ya ua kama kikonyo. Akachukua nyekundu, akaongeza majani ya ua juu ya ubao wa nne, moja, mawili, matano, mpaka dalia ikawa nzima, imening'inia juu ya mti wa avoka. Hakutumia brashi, brashi ilikuwa kavu. Alichora kwa kidole. Alama za ngozi ya kidole zilionekana ndani ya rangi. Na makopo aliyafunika tena, akayapanga kama alivyoyakuta.

Mama Léoncie alisogea, akaweka kidole chake juu ya alama ile. Kilikuwa kikubwa kuliko alama. Kisha akacheka, kicheko cha tumboni, sikuwahi kumsikia akicheka hivyo.

"Avoka inazala dalia," akasema. "Mama yangu angeniomba mbegu."

Hakungoja Jumapili. Maharagwe yalikuwa bado kwenye mfuko, chukudu yangu imelala mlangoni, naye akafungua rangi. Kuku alimwongezea duara la manyoya, akawa kuku anayelala akijikunja. Maua ya altare akayaunganisha na kamba ya kisima, yakawa yanashuka kuteka maji. Alikuwa anacheka peke yake. Mahoro alichukua kijiti akaanza na nyuki, na hapo ndipo niliposikia jambo ambalo limenikaa.

Mama Léoncie, ukuta uliogeuka ukiwa umemchanganya, alisema tuwaweke nyuki karibu na dalia, kama kwetu.

"Hapana, mama," akasema Mahoro, macho hayatoki kwenye kijiti. "Kwetu nyuki zilikuwa pembeni ya kisima. Kwa dalia kulikuwa uzio ya jirani Mukamugema, na pale muliacha njia ndogo ya kupita mbuzi."

Mama Léoncie alishusha brashi. Ile njia ya mbuzi hakuwahi kuichora. Alimwambia kwa mdomo tu, miaka mingi nyuma, wakati ukuta bado hauna rangi. Akamuuliza baada ya njia kuna nini. Mahoro akageuka, akaendelea, akitembea kwa maneno toka uzio mpaka kisima, kila kitu upande wake wa zamani, akiwa ameupa ukuta mgongo. Hakukosea. Mama Léoncie alinitazama, akaniambia muzee, sasa kweli unaweza kunywa maji bila kuinamisha kichwa. Kisha akawaweka nyuki anapotaka yeye, juu ya kinyonga.

Nyumba bado iko Ndosho. Mahoro ameolewa, na ukutani kwake mwenyewe amechora Jomba ile ya kweli, kila kitu upande wake. Mama Léoncie ana ile nyingine. Nshobole alikuja kuitazama, akasema imekomala.

Mimi miguu imechoka, lakini bado natembea kidogo. Nimekwenda Mugunga mara nyingi. Nimekwenda mpaka Vitshumbi, kwa kuwa kuna waliokwenda huko ziwani wakajaribu kuvua samaki. Popote nikiwakuta watu waliopita Ndosho ile Jumapili, nawauliza. Wanakumbuka mvua, wanakumbuka nani alizaa njiani, wanakumbuka mbuzi waliopotea. Nauliza tena hapa, labda karatasi itafika mahali miguu haikufika: ni nani aliyelala kwa Mama Léoncie siku zile, mwenye kidole kidogo, na ilikuwaje akaanza na ile dalia?