Saiti ya Andendekisye

Meneja Adrian alitumia kisu cha mezani. Hakuomba bisibisi, ingawa Andendekisye alikuwa nayo mfukoni, pale inapokaa kila siku ya kazi. Aliuchukua upinde ulipotundikwa, akaulaza juu ya meza ya kifungua kinywa katikati ya chupa za asali na vikombe vya wageni, akachomeka ncha ya kisu kwenye skrubu na kuanza kuzungusha. Kisu kiliteleza, kikakwaruza rangi nyeusi ya mpini. Kikateleza tena. Andendekisye alihisi kama kinapita juu ya meno yake.

"Hii tunaitoa," meneja alisema bila kuinua macho. "Wageni wa leo wanataka kitu cha asili. Huwezi kuwaonyesha mwindaji wa Kihehe ana dude la chuma limejitokeza mbele kama antena."

"Mimi si Mhehe, bosi."

"Wao wanajua hilo?"

Skrubu ilitoka, kichwa chake kimeshaliwa na kisu. Saiti, yaani kile kifaa cha kulengea kinachofungwa ubavuni mwa upinde, ilibaki mkononi mwa meneja. Akaisukuma kando ya sinia la mkate. Kisha akamkabidhi Andendekisye ngozi ya mbuzi iliyoshonwa na fundi cherehani wa Idodi, pamoja na ushanga wa kufunga kichwani.

"Vaa, halafu njoo uwanjani. Uwasalimie 'Kamwene', kama Wahehe. Uwaambie babu yako ndiye aliyekufundisha kulenga, porini huko."

Babu yake Andendekisye alizikwa Tukuyu. Alikuwa karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, mtu wa miwani na kalamu mbili mfukoni, na hakuwahi kushika upinde maishani mwake.

Andendekisye mwenyewe alizaliwa na kukulia Ilomba, jijini Mbeya. Alisomea mambo ya hoteli, akapata kazi kwenye kambi hiyo ya watalii nje kidogo ya Idodi, barabara ya kwenda Ruaha. Aliajiriwa kutandika vitanda. Nyuma ya hema la chakula palikuwa na kiwanja cha kulenga shabaha, cha kuwachangamsha wageni jioni wakirudi kutoka mbugani. Mkufunzi wa kiwanja alipoacha kazi, Andendekisye aliambiwa awe anaokota mishale. Siku moja wageni walichelewa, naye akauchukua upinde mmoja kwa udadisi tu. Akavuta. Mshale ukaenda pembeni kabisa, lakini alipenda ule utulivu wa kabla ya kuachia, ambapo kelele zote za kambi zilikwenda mahali pengine zikamwacha. Toka siku hiyo hakukosa jioni hata moja, na baada ya muda akawa yeye ndiye anayefundisha wageni.

Alilenga kwa kukisia. Siku nyingine mishale ilikaa pamoja kama vifaranga, siku nyingine ilitawanyika, na hakujua kwa nini. Alitazama video kwenye simu mpaka bando likaisha, akaelewa kwamba kinachomkosesha ni saiti. Akaenda likizo Mbeya na upinde wa kambi begani, kwa ruhusa ya bosi aliyekuwepo kabla ya Adrian, akamwendea Abdul, jirani wa mama yake anayeuza mipira na jezi. Abdul alikuwa amemwagizia saiti mbili achague.

"Chukua hii, dada'angu," Abdul alisema. "Ina pini tano, kila pini na rangi yake. Kijani ya karibu, nyekundu ya mbali. Watu wakiiona wanaishiwa maneno."

Andendekisye aliifunga kwenye upinde, akavuta uzi polepole pasipo mshale, akaelekeza ukutani. Pini zote tano zilimjia jichoni kwa pamoja. Mpaka akumbuke ipi ni ya umbali gani, mkono ulikuwa umeshaanza kutetemeka.

"Hii ni ya zile pinde zenye vigurudumu kwenye ncha," alisema. "Wangu hauna. Halafu kwenye mashindano, upinde kama wangu hauruhusiwi kuwa na pini nyingi."

"Mashindano? Kwani kule mnashindana na tembo?"

Andendekisye aliifungua ile ya kwanza. Akaifunga ya pili. Ilikuwa mhimili mwembamba wenye kipimo kama cha rula, na juu yake kiduara kimoja kinachopanda na kushuka.

"Hiyo mbona imechoka hivyo?" Abdul alisema. "Ina tundu moja tu."

"Nami nina jicho moja la kulengea. Nipe hii."

Kuipata ni jambo moja, kuifanya ikutii ni jambo jingine, na kazi hiyo ilimla kiangazi chote. Alianza karibu sana na shabaha, karibu kiasi cha kuonekana anacheza. Alipiga mishale kadhaa bila kugusa skrubu, akaangalia imekaa wapi. Ikiwa yote imekwenda kushoto, alisogeza kiduara kushoto. Mara ya kwanza alifanya kinyume, akakisogeza kulia, na mishale ikaenda kushoto zaidi mpaka vichakani. Mlinzi wa kambi, mzee Masumbuko, aliyekuwa akimtazama kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, jambo hilo lilimsumbua.

"Sasa mwanangu, mshale umekosea kushoto, na wewe unakipeleka hicho kidude kushoto huko huko. Si ndiyo unauongezea makosa?"

"Hapana, baba. Kiduara kikienda kushoto, ili nikirudishe katikati ya shabaha lazima niugeuze upinde kulia. Basi mshale nao unakwenda kulia."

Mzee alifikiri. "Haya," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali.

Umbali huo ulipotulia, alirudi nyuma hatua chache na kuanza upya. Kila umbali uliotulia aliuwekea alama kwa kalamu kwenye utepe mweupe aliobandika kwenye mhimili. Mwisho wa kiangazi utepe ulijaa alama ndogondogo kutoka juu hadi chini, na hakuna mtu kambini aliyezielewa isipokuwa yeye. Ndiyo saiti hiyo iliyosukumwa kando ya sinia la mkate.

Alivaa ngozi. Hilo ndilo lililomchoma baadaye kuliko mengine yote, kwamba alivaa. Aliifunga begani, akaweka ushanga, akatoka juani na kusema "Kamwene" kwa watu ambao hawakujua ni salamu ya nani. Akayasema ya babu na pori. Kisha akapiga.

Jicho lake lilikuwa limeshazoea kiduara. Kule kukisia kwa zamani kulikuwa kumemtoka. Mshale wa kwanza ulipita juu ya shabaha, wa pili ukachimba mchanga, na uliofuata ukagonga mguu wa kibao cha shabaha. Wageni wakapiga makofi. Alipokosa walipiga makofi, na mmoja ulipojibandika pembezoni mwa shabaha kwa bahati tu, walipiga makofi yale yale, wala hayakuzidi. Mama mmoja wa makamo alifuta machozi. Meneja Adrian alisimama nyuma yao akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Andendekisye alimfuata ofisini akiwa bado na ngozi begani.

"Umefanya vizuri sana," meneja alisema. "Wamefurahi mno. Kesho hivyo hivyo."

"Nimekosa mishale yote isipokuwa mmoja."

"Nani amekuambia wanahesabu?"

"Mimi nahesabu."

Meneja alicheka kidogo, si kwa ubaya, na hilo likazidi kumpandisha Andendekisye hasira. "Sikiliza, dada. Wageni hawasafiri nusu ya dunia kuja kukuona unapiga kama wao. Wanazo hizo saiti kwao."

"Umeharibu skrubu yangu. Ungeniomba bisibisi."

"Yaani shida yako ni skrubu?"

Andendekisye alifungua mdomo. Alijua shida si skrubu. Ilikuwa kubwa, lakini neno la kuitolea hakulipata. Alisimama pale, mbele ya mtu aliyekuwa anatazama saa yake, akaishia kusema, "Sivai tena hiki kitu."

"Basi rudi kwenye vitanda. Na upinde ni wa kambi, uache hapo."

Aliivua ngozi, akaitupa juu ya meza, ikaangukia kikombe cha chai na kukimwaga. Hakuomba radhi. Alikwenda kuichukua saiti yake kando ya sinia, akaifuta makombo, akafungasha.

Getini alimkuta mzee Masumbuko amesimama, mikono nyuma.

"Wameniambia kesho nivae mimi," mzee alisema.

"Na utavaa?"

"Nina watoto shuleni, mwanangu. Ngozi haing'ati. Halafu mimi angalau ni Mhehe kweli."

"Babu yako aliwinda?"

"Babu yangu alilima mpunga."

Ingekuwa siku nyingine wangecheka. Siku hiyo Andendekisye alimkasirikia hata yeye, akapita bila kuaga vizuri, na akiwa ndani ya basi aliikasirikia pia nafsi yake kwa kumkasirikia mzee ambaye hakumkosea.

Hakwenda Mbeya. Hakutaka kuulizwa maswali Ilomba. Alishukia Mafinga kwa dada yake Matilda, aliyekuwa akiuza wali na maharage kwa wapasua mbao. Alipika, aliosha sahani, na kila mtu aliyemwambia "pole" alimwona kama anamchokoza. Saiti ilikuwa ndani ya begi, imeviringishwa kwenye kanga. Saiti bila upinde ni kipande cha chuma tu.

Ni Matilda aliyechoka. "Iringa kuna kikundi cha hiyo michezo yenu," alimwambia asubuhi moja akimenya vitunguu. "Mteja wangu mmoja binti yake yuko huko. Nenda Jumamosi. Ukibaki hapa utanifukuzia wateja kwa hiyo sura."

Kikundi kilikuwa cha Mwalimu Bertha, mwalimu wa michezo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya filimbi. Alimwazima Andendekisye upinde wa kikundi bila maneno mengi. Andendekisye aliifunga saiti kwa skrubu mpya, akaweka kiduara kwenye alama yake ya zamani, akavuta. Mshale ulipita juu ya shabaha na kugonga ukuta wa matofali.

Upinde ulikuwa mwingine. Ulivutika kwa ugumu zaidi na kurusha kwa kasi zaidi, na alama zote za kiangazi kizima hazikuwa na maana tena. Alipolielewa hilo damu ilimpanda kichwani. Akilini alimwona tena Adrian na kisu chake. Akapandisha kiduara, akapiga, ukaenda chini. Akakishusha, akapiga, ukaenda kulia. Akakisogeza tena. Kila mshale ulioondoka alikimbilia skrubu.

Mwalimu Bertha alikuja akasimama ubavuni mwake. "Unaizungusha kila mshale," alisema. "Huo mmoja umekwenda kulia kwa sababu umeuachia kwa kuunyakua uzi. Saiti haijui kwamba una hasira. Itakufuata tu unakoipeleka."

"Mwalimu, nina hasira toka Idodi."

"Sawa. Kuwa nayo. Mimi sijakwambia uache. Nimesema mkono usiguse skrubu mpaka mishale ikae pamoja."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Wote walimwambia asamehe, asahau, amwachie Mungu. Andendekisye aliubandua ule utepe mweupe kwa ukucha, ukatoka vipandevipande, akabandika mwingine usio na kitu. Akasogea karibu na shabaha, karibu kiasi cha kuonekana anacheza.

Mvua zilipokwisha, kikundi kilishiriki mashindano pale pale Iringa. Andendekisye hakushinda. Alishika nafasi ya nne, na aliiona ni halali yake: upepo ulimpoteza kwenye umbali mrefu, na hilo lilikuwa kosa lake la kujifunza, si la mtu mwingine. Alipokosa hakuna aliyepiga makofi. Watu walinyamaza, na ukimya ule aliupokea kama heshima. Mwalimu Bertha alimwomba awe anamsaidia kufundisha wasichana, akakubali, akahamia mjini.

Alikutana na Adrian kwenye kituo cha mafuta, siku ya mazoezi. Adrian alishuka kwenye gari la kambi akitabasamu, akampa mkono. Andendekisye hakuupokea.

"Nimesikia unashiriki mashindano sasa," Adrian alisema. "Rudi bwana. Mzee Masumbuko hawezi hata kuuvuta ule upinde. Nitakuachia na saiti yako, ukitaka."

"Siku ile uliniuliza kama shida yangu ni skrubu."

"Jamani, bado tu? Hiyo si zamani?"

"Ni zamani kwako. Shida yangu ni kwamba ulitaka nikose mbele za watu, na nilipokosa ukanipongeza. Ningekuwa nimepiga katikati usingejali. Ulichotaka ni ile ngozi, mimi nilikuwa kitu cha kuitundikia tu."

Aliyasema bila kupaza sauti. Kijana wa pampu aligeuka kutazama, kisha akarudia kazi yake. Adrian alisema amechelewa, akapanda gari.

Andendekisye alikuwa amedhani akishayasema atajisikia mwepesi. Hakujisikia hivyo. Alitembea mpaka kiwanjani, kifua bado kinapiga, akautoa upinde na kuunyoosha mkono. Kiduara kilitetemeka juu ya shabaha kama nzi. Akaushusha, akauweka chini, akawaambia wasichana kwamba leo hatapiga, leo atawaangalia wao, na asije akamwona mtu anagusa skrubu kwa sababu ya mshale mmoja.